Chokaa ya Mama Kwenye Ukuta wa Manfuha

Wiki iliyopita nilikuwa napita Sharafiya, mkono mmoja mfuko wa nyuzi, mkono mwingine simu, harufu ikanisimamisha. Haikuwa ya kuku wa kuchoma wala ya moshi wa mabasi, maana hizo pua yangu ilishazizoea siku nyingi. Ilikuwa harufu ya nyasi kavu zilizolowekwa ndani ya udongo mpaka zikaanza kuchacha, harufu ambayo watu wengine huizibia pua na mimi huivuta mpaka kitovuni. Mkahawa mpya ulikuwa mbioni kufunguliwa, na mafundi walikuwa wanaukandika udongo juu ya ukuta wa zege ili ufanane na nyumba za kale za Najd, upande wa Riyadh. Walikuwa wamechora hata vitundu vya pembetatu kule juu, visivyoingiza hewa wala kuitoa. "Yalla, madam, pita, utachafuka," fundi mmoja akaniambia. Maskini, hakujua anaongea na nani. Udongo ule mimi nimeukanyaga kwa miguu yangu miwili, na nyumba tuliyoukanyagia imesimama hadi leo.

Siku hizi nina duka dogo la kushona abaya huku Ghulail, Jeddah, na watu hudhani mimi ni mtu wa bahari tangu kuzaliwa. Sivyo. Nilikulia Manfuha, kusini mwa Riyadh, ambako ukiona maji mengi basi ni ya bomba lililopasuka. Manfuha ilikuwa kijiji zamani, chenye mashamba ya mitende na nyumba za udongo, kisha jiji likaja likaizunguka pande zote kama watu wanavyozunguka sinia ya wali. Zilibaki nyumba chache za zamani katikati ya maduka ya vyuma na mabohari ya mbao. Sisi tulikaa katika moja ya hizo.

Jinsi tulivyofika humo ni habari fupi. Baba alikuwa dereva, na kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini nchini, alikuwa mtu mmoja aitwaye Saad, mwenye jumba kubwa la marumaru upande wa kaskazini. Nyumba ya Manfuha ilikuwa ya mama yake Saad, ambaye sote tulimwita Um Saad. Alizaliwa humo, akaolewa humo, akazalia humo watoto wake wote, mpaka mwanawe alipomhamisha akakae naye kwenye marumaru. Yeye ndiye aliyesema dereva asilale peke yake kwenye kile chumba cha geti, alete mke na watoto wake kutoka Lamu, wakae kwenye nyumba ya udongo. Saad hakupenda, lakini aliyesema alikuwa mama yake.

Ngoja niwaeleze nyumba yenyewe, maana msipoijua hamtaelewa kosa la mama. Ilijengwa kwa tofali za udongo zilizokaushwa juani tu, hazikuchomwa, kisha kuta zikakandikwa udongo uliochanganywa na nyasi. Kuta hizo zilikuwa nene hivi kwamba mimi na mdogo wangu Nuru tuliweza kukaa sote wawili ndani ya dirisha moja tukacheza na vidoli, na bado miguu haikuning'inia nje. Mwezi wa saba, wakati lami ya barabarani inashika viatu, ndani mlikuwa na ubaridi wa mtungi. Vyumba vyote vilielekea ua wa katikati, na kwa upande wa barabarani ukuta ulikuwa mkavu, hauna neno na mpita njia, ila vile vitundu vya pembetatu karibu na dari vilivyovuta hewa ya moto ikatoka. Dari ilikuwa ya boriti, juu yake makuti ya mtende, juu yake udongo tena. Kwenye paa ilitokeza mifereji ya mbao ya kumwagia maji ya mvua mbali na ukuta. Siku mama alipoiona mara ya kwanza alicheka kwa sauti, akasema, "Mlizamu! Hawa nao wana mlizamu!" Akaanza kuzunguka nyumba nzima akitafuta vingine vya kwao.

Akavipata. Katika chumba cha kahawa, mahali Um Saad na marehemu mumewe walipokuwa wakipokea wageni, ukuta ulikuwa umepakwa lipu nyeupe iliyochongwa maua na nyota, na humo ukutani mlikuwa na vishubaka vya kuwekea mabuli na vikombe. Mama, mtoto wa nyumba za mawe za Lamu, alivishika kimoja kimoja. Kwao vinaitwa zidaka, na nyumba isiyo na zidaka si nyumba, ni banda tu limejengwa vizuri. Tangu siku hiyo aliamini kwamba nyumba ya Manfuha na nyumba ya bibi yake ni mtu na binamu yake. Baba alijaribu kumwambia kwamba ile lipu ni ya chumba kimoja tu na kwingine kote ni udongo mtupu. Mama akamwambia yeye ajue magari.

Um Saad alikuja kila Ijumaa baada ya swala. Alikuwa mwembamba, mrefu, na fimbo aliyoibeba zaidi ya kuitegemea. Mimi nilimwogopa. Alipita chumba hadi chumba, akiweka kiganja ukutani hapa na pale, akiangalia boriti, akinusa. Kisha alipanda kwenye chumba cha juu, akajilaza kwenye mkeka, akatuacha sisi tukicheza uani huku nikijaribu kumnyamazisha Nuru. Niliamini amekuja kutukagua. Nilijificha nyuma ya mama, na mama alinisukuma mbele: "Ndoo umwamkie! Atakula wewe?"

Nilipokuwa darasa la pili hivi, walikuja watu wa idara ya nyumba za kale wenye kamera na futi, wakapima mlango, wakapima ngazi, wakahesabu mpaka vitundu. Muda si mrefu kikapigiliwa kibao cha chuma kando ya mlango. Baba alikisoma kwa sauti mbele yetu sote, kwa Kiarabu kisha kwa Kiswahili: nyumba hii ni ya kale, inalindwa na sheria, ni marufuku kuibomoa wala kuibadilisha. Nilijivuna sana. Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba nyumba yetu haiguswi hata na serikali.

Saad hakujivuna. Alikuwa na mipango ya kubomoa pale ajenge maduka, na kibao kile kilikuwa kimempigilia yeye. Nilimsikia akimwambia baba pale mlangoni kwamba basi ifungwe, na dereva arudi kulala kwenye chumba chake cha geti. Um Saad akasema watu wake hawatoki. Yakaishia hapo, au sisi watoto tulidhani yameishia hapo.

Sasa Ramadhani ikakaribia. Kwa mama, mwezi mtukufu haukaribishwi na kuta chafu. Kwao nyumba hupakwa chokaa kabla ya mwandamo wa mwezi, wanawake wakisimamia, watoto wakichafuka, na jua likipiga huwezi kutazama ukuta kwa mato mawili. Akataka kuta za ua zipakwe. Baba akamkumbusha kibao. Mama akamtazama kwa huruma. "Kupaka chokaa si kubomoa wala kubadilisha. Ni kusafisha. Wewe ukioga umebadilika?" Baba akaenda dukani. Alileta chokaa, na kwa kuwa alitaka ishike sawasawa, akaongeza na saruji nyeupe aliyopewa na mtu wa ujenzi. Tuliipaka nene, tukapaka ukuta wote wa ua. Mama aliimba siku nzima. Jioni alikaa kizingitini, mikono myeupe mpaka kwenye viwiko, akasema, "Yeo nimefika kwetu," na nilimwona akifuta machozi kwa ncha ya leso.

Ijumaa iliyofuata Um Saad aliingia, akasimama. Akaweka kiganja juu ya ule weupe, akakiacha hapo kwa muda. Mama alikuwa anamtazama usoni kama mtoto aliyeleta ripoti nyumbani. "Inang'aa," Um Saad akasema mwishowe. Akapanda juu kujilaza. Mimi nikashangaa, maana kwa jinsi alivyoushika ukuta nilifikiri atauliza jambo.

Mvua za Riyadh ni chache, lakini zikija huja kwa hasira. Baada ya Idi ilinyesha kuanzia asubuhi. Kule juu ya ukuta, mahali chokaa yetu ilipokutana na paa, ulikuwepo ufa usioweza kuingiza hata ukucha. Maji yakaingia humo. Ukuta wa udongo uliolowa hukaushwa na hewa yenyewe, lakini huu wetu ulikuwa umevikwa ganda, maji hayana pa kutokea. Ukavimba. Tuliona chokaa ikifura kama chapati kwenye kikaango, kisha adhuhuri kipande kizima, kirefu kunishinda mimi, kikajimwaga uani pamoja na tofali zilizokuwa nyuma yake. Baba aliporudi kutoka kazini alisimama mbele ya lile rundo akasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mama akamjibu, "Na aliyeziba kwa chokaa na saruji ajenge nini?" Ndiyo mara pekee niliyomsikia akikiri. Usiku huo hakula.

Nilijua kwa nini. Tulilala chumba kimoja, na wazazi wanaonong'ona hudhani watoto hawana masikio. Tukitolewa kwenye nyumba ile hatukuwa na pa kwenda. Baba angerudi kwenye chumba cha geti, ambacho kiliingia kitanda kimoja na pasi, na mama na Nuru na mimi tungerudi Lamu. Tungemwona baba kila baada ya miaka miwili, akija likizo, kama wenzangu wengi walivyowaona baba zao: mgeni mwenye begi na manukato. Nilimpenda baba yangu. Alikuwa ananisuka nywele, vibaya, Ijumaa asubuhi, mama akiwa jikoni. Sikutaka awe mgeni.

Saad alipopata habari aliita watu wa idara ya nyumba za kale yeye mwenyewe. Akaja mkaguzi, kijana wa Kisaudi mwenye miwani, kanzu ameipandisha mpaka kwenye vifundo ili isiguse tope. Saad alikuwepo, Um Saad pia, baba alikuwa amewaendesha. Mama alisimama mlangoni mwa jiko na mimi nimemshika baibui. Mkaguzi alichukua kipande cha chokaa, akakivunja, akaona saruji, akatikisa kichwa. Aliongea kwa upole. Ukuta wa udongo haufunikwi na saruji, unakosa pumzi. Nyumba hii inalindwa. Nani aliyefanya hivi?

Saad akageuza uso kumtazama baba. Mama akavuta pumzi, nikajua anataka kusema, na mimi nikajua akishasema tu tumekwisha.

"Mimi," Um Saad akasema.

Mkaguzi akamgeukia. "Wewe, ya khala?"

"Mimi ndiye niliyepaka. Nyumba ni yangu, nilitaka iwe nyeupe kwa ajili ya Ramadhani. Nimezeeka, nimekosea. Niambie irekebishwe vipi." Akapiga fimbo chini mara moja, kama anayemaliza habari.

Kijana yule hakuwa mjinga. Alitazama mikono ya yule mama mzee, akamtazama mama yangu, akatazama ukuta, kisha akainama akaandika kitu. Akasema ganda lote litolewe, ukuta ujengwe tena kwa tofali za udongo na ukandikwe kwa udongo na nyasi kama ulivyokuwa, na yeye atarudi kuangalia. Ukiwa sawa, watu wakae. Usipokuwa sawa, nyumba itafungwa. Halas. Saad alitangulia kwenye gari bila kuaga.

Mimi niliachwa na tatizo la dini. Madrasa tulikuwa tumefundishwa mwisho wa waongo, na nilimwuliza mama kama Um Saad atachomwa. Mama alikuwa anafagia vipande vya chokaa yake mwenyewe. Akafikiri. "Nyumba ni yake, ukuta ni wake," akasema. "Akisema kapaka, kapaka." Nilitosheka kabisa, na hata leo sijapata mwanachuoni aliyenipa jibu bora.

Kazi ikaanza. Sisi watu wa Lamu tunajua mawe na mikoko. Udongo tuliuona kwenye vyungu tu. Aliyekuja kutusaidia alikuwa rafiki ya baba, Anko Wafula wa Bungoma, mlinzi wa bohari la mbao mtaa wa pili. Alipoona rundo lile alicheka mpaka akashika magoti. "Sasa shemeji," akamwambia mama, "hii nyumba ni ya kukandikwa, si ya kupaka rangi. Kwetu hata mtoto anajua. Unachanganya udongo na mavi ya ng'ombe, finish." Um Saad aliposikia tafsiri ya baba alisimama wima bila fimbo. Mavi? Katika nyumba ya baba yake? Nyasi za ngano, zilowekwe na udongo zichache, ndivyo nyumba hii ilivyolelewa! Anko Wafula naye hakurudi nyuma, akaeleza sifa za ng'ombe wa kwao. Wakabishana, baba katikati akitafsiri huku akipunguza makali ya kila upande, mpaka ikabidi Anko Wafula akubali kwamba Manfuha nzima hakuna ng'ombe, kuna mbuzi wa Idi tu, na hao wameshaliwa.

Basi tukafanya kwa njia ya Um Saad. Udongo ulimwagwa uani, nyasi zikatupiwa, maji yakamwagwa, ukaachwa uchache. Nuru alitapika mara ya kwanza alipousikia unavyonuka. Kisha Um Saad akaketi kwenye kiti, akatuamuru sisi watoto tuvue viatu tuingie. Tuliukanyaga mchana kutwa, Anko Wafula akituongoza kwa nyimbo za kwao, mama amefunga leso kiunoni kama yuko ngomani. Baba na Anko Wafula walifyatua tofali kwenye kalibu ya mbao, wakazianika juani, wakajenga. Mama ndiye aliyekandika. Um Saad alimwonyesha: unaupiga kwa kiganja, hausugui, na unaacha alama za vidole ili tabaka la pili lishike. Mama alikuwa na mkono mwepesi. Nilimwona anaanza kuufurahia, na hilo liliniudhi kidogo, kwa sababu nilitaka asikitike kwanza kwa ajili ya chokaa yake. Nyumba njema si mlango, alikuwa akisema huku anapiga udongo, na sikujua anamwambia nani.

Mkaguzi aliporudi aliukuna ukuta kwa ukucha, akaunusa, akacheka. Mama alimpa kahawa kwenye vikombe vya chumba cha kahawa. Tukakaa. Tulikaa mpaka nikamaliza shule, na baba alikuwa akirudi kila jioni, akitoa viatu kizingitini, akiuliza kuna nini. Um Saad alipofariki ndipo nyumba ikakabidhiwa idara, ikatengenezwa, sisi tukahamia Jeddah. Mwaka jana nilikwenda Riyadh nikaingia kama mgeni. Msichana wa kuongoza watalii alitueleza habari za vitundu vya pembetatu, kwa Kiingereza kizuri. Ua ni uleule, kuta ni za udongo, hakuna hata tone la chokaa. Niliweka kiganja ukutani nikaridhika.

Kwa miaka yote hiyo niliamini ni miguu yetu iliyotuokoa. Sheria iliizuia nyundo, sisi tukaukandika ukuta, mkaguzi akauona mzuri, tukabaki: nilikuwa nikisimulia hivyo, na watu walinipigia makofi. Nilipotoka pale Sharafiya nikampigia baba, ambaye sasa amestaafu yuko Lamu, nikamweleza mkahawa wa udongo wa uongo. Alicheka sana. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia hata mama, kwa sababu dereva mwenye adabu hasikii yanayosemwa kiti cha nyuma.

Ile siku ya mkaguzi aliwarudisha Um Saad na mwanawe nyumbani. Saad alilalamika njia nzima. Umenivunjia heshima mbele ya mtu wa serikali kwa ajili ya wageni. Mkaguzi aseme lolote lake, dereva ni wangu, ikama yake, kibali chake cha kukaa, iko mkononi mwangu, wiki hii nawarudisha wanawake kwao na nyumba naifunga. Ikifungwa itajiangukia yenyewe kwa mvua mbili tatu, na hakuna sheria inayoishtaki mvua. Baba aliendelea kuendesha. Um Saad alitazama nje mpaka wakafika getini. Gari liliposimama akasema, "Nikifa, ifunge, Saad. Nitakuwa sina la kusema. Lakini leo bado niko hai, na kwangu kuna watoto wanaopiga kelele, na nikilala pale nawasikia. Hapa kwako nasikia kiyoyozi."

Saad akafungua mlango. Alishuka akaingia ndani. Baba akazunguka kumfungulia mama yule mlango, na yeye, akishuka polepole, akamwambia bila kumtazama, "Nenda nyumbani, watoto wanakungoja." Baba anasema Um Saad alimwambia maneno hayohayo kila jioni ya kazi. Jioni ile aliendesha kurudi Manfuha analia, akafuta uso mlangoni, akaingia, akatukuta uani tunagombania mkate.